Jinsi ya kutoa maana ya neno mpaka watu waache kubishana: mwongozo kamili kutoka Uyole

Mwaka juzi kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole kilitaka kuvunjika kwa ajili ya neno moja, na neno lenyewe wala sio gumu, ni "mzazi". Katiba inasema mwanachama akifiwa na mzazi mfuko wa jamii unampa laki mbili. Mama mmoja anauza ndizi za Tukuyu akafiwa na mama yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea toka ana miaka minne maana mama aliyemzaa alifariki mapema. Kaleta taarifa, mweka hazina akafungua katiba akasema hapa pameandikwa mzazi, huyo marehemu ni mama mkubwa. Mzee mmoja akasimama, "Mama mkubwa sio mama? Nyie mmezaliwa wapi?" Basi hapo ndo ikawa kelele, kuna waliosema tukimpa huyu kesho kila mtu ataleta mashangazi na wajomba hela zitaisha, kuna waliosema kumnyima ni roho mbaya, na mwenye msiba kakaa pembeni na kanga yake begani haongei chochote.

Katibu nilikuwa mimi. Hiyo katiba niliikopi kwa kikundi kingine nikabadilisha jina nikaenda kuprinti steshenari Mwanjelwa, kurasa tisa, na hamna hata mstari mmoja uliosema mzazi ni nani. Toka siku ile nimekuwa mtu wa kuhangaika na maana za maneno, kwenye kikundi, kwenye tuisheni ninayofundisha vijana wa fomu foo, hata kwenye biashara ya viazi. Haya yafuatayo ndo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Kabla hatujaanza, jina lenyewe. Shuleni wanaita fasili. Sio fasiri, fasiri ni kuhamisha maneno toka lugha moja kwenda nyingine, na kwa sisi wa huku ambao R na L tunazibadilishana kama sufuria za jirani, ukitamka mtu hajui umekusudia ipi. Kwa hiyo mimi hapa nitasema "maana" tu yaishe.

Hatua ya 1: Jua maana unayoitafuta ni ya nani

Hapa ndo watu wengi wanakosea kabla hata hawajaandika neno. Kuna maana ya watu wote, yaani neno linavyotumika mtaani na kamusi ikalinakili. Kuna maana ya wataalamu. Na kuna maana ya makubaliano, kwamba sisi hapa, kwenye karatasi hii, kwa kazi hii, neno hili litamaanisha hivi. Ukizichanganya hizo tatu mtabishana mpaka jogoo awike na wote mtakuwa sahihi.

Nilimpeleka mpwa wangu kuona kimondo cha Mbozi, kile cha pale Ndolezi, siku hizi ni mkoa wa Songwe. Lile dude ni kama tani 16, karibu lote ni chuma, urefu kama mita 3. Dogo kaliangalia, kalizunguka, kaligonga na kokoto, alafu akaniuliza, "Anko, mbona hakiwaki?" Nikaanza kucheka kumbe yuko sawa kabisa. Yeye kwa bibi yake amefundishwa kimondo ni ule mwanga unaokatiza angani usiku mara moja ukapotea. Kiswahili chetu neno ni hilohilo moja, kwa mwanga ule na kwa jiwe likishafika chini, wakati wanasayansi wao wana jina lake kwa kila kimoja. Sasa ukitaka kumweleza mtoto usimwambie "umekosea". Mwambie neno lina maana mbili na hapa tunaongelea ya pili.

Sheria nazo zinafanya hivyohivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Nenda kamwambie bibi yangu kule Rungwe kwamba baba yangu mwenye miaka 61 sio mtoto. Hamna mgogoro hapo, sheria imejichagulia maana yake kwa kazi yake. Au chukua "kijana". Umoja wa Mataifa wakihesabu vijana wanahesabu miaka 15 hadi 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika unasema 15 hadi 35. Mwenye miaka 30 akivuka toka karatasi moja kwenda nyingine anakuwa kijana upya, bila kupaka chochote usoni.

Na kali kuliko zote ni ya Marekani mwaka 1893, Mahakama ya Juu yao ilikaa kuamua nyanya ni tunda au ni mboga. Wataalamu wa mimea wanasema tunda, ina mbegu ndani, imetokana na ua. Ila sheria ya ushuru ilitoza mboga, matunda ikayaacha, kwa hiyo mwagizaji aliyekuwa amelipishwa akadai hela yake irudi. Mahakama ikasema kwa mambo ya ushuru nyanya ni mboga, maana watu wanaila na chakula, hawaili mwishoni kama kitindamlo. Jamaa akakosa. Nikiwaambia vijana wa tuisheni hii wanacheka alafu mmoja anauliza "na parachichi je?", na kwa kuwa nusu yao kwao wanalima parachichi na wanalila na ugali na chumvi, hapo kipindi kinaisha bila kurudi kwenye mada.

Kwa hiyo andika juu kabisa ya karatasi yako: maana hii ni ya nani na ni ya kazi gani. Kama huwezi kujibu hilo usiendelee.

Hatua ya 2: Kusanya mifano kwanza, sentensi baadaye

Najua shuleni tulifundishwa kinyume, kwamba unaanza na maana alafu unatoa mifano. Kwa msomaji sawa. Kwa wewe unayeitafuta hiyo maana, geuza. Chukua karatasi, gawa sehemu tatu: vitu ambavyo hakuna ubishi viko ndani, vitu ambavyo hakuna ubishi viko nje, na vya mpakani. Ukweli ni kwamba hizo sehemu mbili za kwanza hazina kazi kubwa, ni kama shamba, hakuna anayegombana na jirani kuhusu katikati ya shamba, ugomvi wote uko pale mwishoni kwenye tuta la mwisho. Muda wako uende kwenye sehemu ya tatu.

Mfano, pombe. Ndani: bia, gongo, komoni. Nje: maji, chai, soda. Mpakani: ulanzi. Watu wa Iringa na Njombe wananielewa. Ulanzi uliogemwa asubuhi hii ni mtamu kama juisi, mtoto anaweza kunywa, uache ukae mpaka kesho, kitu kileile kwenye chombo kilekile kinakuondoa kilabuni kwa kushikwa mkono. Sasa ni pombe au sio? Ukishaliweka hilo swali mezani unagundua kwamba "pombe" ni hali ambayo kinywaji kinaingia kikichachuka, na kwamba maana yako lazima iseme kitu kuhusu kuchachuka. Bia peke yake isingekufundisha hilo hata ungeitazama wiki nzima.

Hatua ya 3: Taja kundi, alafu taja tofauti

Hii njia ni ya zamani mno, ya Aristotle yule Mgiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, na hadi leo kamusi nyingi zinapita humohumo. Unasema kitu kiko kwenye familia gani, alafu unasema kinatofautianaje na ndugu zake wa familia hiyo. Ulanzi ni kinywaji (kundi) kinachogemwa kwenye mianzi michanga (tofauti). Kigoda ni kiti (kundi) kifupi kisicho na egemeo (tofauti). Umemaliza.

Ugumu uko kwenye kuchagua kundi. Vijana wangu wakikwama wanaandika "kiti ni kitu cha kukalia". Sawa, na ndoo iliyopinduliwa? Na gogo? Na tangi la bodaboda? "Kitu" ni kundi pana mno, ni kama mtu anamtafuta ndugu yako Mbeya mjini alafu unamwelekeza "yuko Tanzania". Panda ngazi moja tu juu ya neno lako, usipande tano.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao nimeusahihisha mpaka kalamu nyekundu imeisha: "Ushirikiano ni pale ambapo watu wanakuwa pamoja." "Mmomonyoko ni pale ambapo mvua inanyesha." Pale wapi sasa? Ushirikiano sio mahali. Kama neno lako ni jina la kitendo, kundi lake liwe kitendo, kama ni hali sema hali, kama ni mtu sema mtu. Mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa udongo wa juu na maji au upepo. Inasomeka, na mwalimu hana pa kukukata.

Hatua ya 4: Ivunje mwenyewe kabla hujavunjiwa

Wanasimulia Wagiriki kwamba Plato, mwalimu wa huyo Aristotle, alitoa maana ya binadamu, akasema ni kiumbe wa miguu miwili asiye na manyoya. Watu wakapiga makofi. Jamaa mmoja anaitwa Diogenes, mkorofi kweli, akachukua jogoo akamnyonyoa manyoya yote akampeleka darasani kwa Plato, akasema huyu hapa ndo binadamu wa Plato. Ikabidi waongeze "mwenye kucha pana". Kila nikiandika maana huwa najiuliza, kuku wa kunyonyolewa wa sentensi hii ni yupi?

Jaribio liko pande mbili. Je, kuna kitu kimeingia ambacho hakistahili (huyo kuku)? Je, kuna kitu kimeachwa nje ambacho kinastahili? Ukisema ndege ni mnyama anayeruka, umemwingiza popo na umemtoa kuku wa bibi ambaye kuruka kwake ni mpaka juu ya kinu tu. Sentensi moja, makosa mawili.

Na usione aibu kubadilisha. Wanaastronomia dunia nzima waliishi na neno "sayari" bila kuliwekea mpaka, mpaka mwaka 2005 ikatangazwa dude moja huko mbali, Eris, ukubwa wake karibu sawa na Pluto. Sasa Eris nayo sayari? Na nyingine zikija? Agosti 2006 wakakaa Prague wakaandika: izunguke jua, iwe na uzito wa kutosha kujifanya duara, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ikashindwa hilo la tatu. Walimu wengine bado wanafundisha sayari tisa, lakini Pluto yenyewe kule iliko haijahama hata sentimita kwa ajili ya ule mkutano.

Hatua ya 5: Angalia kama hujazunguka

Hii fupi. "Mjasiriamali ni mtu anayefanya ujasiriamali." "Mkulima bora ni mkulima anayelima kwa ubora." Umemrudisha mtu mlango aliotokea. Funika neno lako kwa kidole, soma kilichobaki, kama bila hilo neno na watoto wake huwezi kuelewa, anza tena. Na usieleze neno jepesi kwa neno zito kuliko lenyewe, nimeona mtu ameandika kwamba mazungumzo ni "mchakato wa kimawasiliano baina ya wahusika", jamani, ni watu wanaongea.

Hatua ya 6: Kama hela zinahusika, weka kipimo

Hapa nakaa kidogo maana ndo palipoumiza watu wengi huku kwetu. Nilipigiwa simu na jamaa yangu wa Dar, nitafutie gunia kumi za viazi mviringo. Nikanunua, nikapima mzani, kila gunia kilo 100, maana sheria ya vipimo inataka mazao yafungashwe yasizidi hapo. Mzigo ukafika, simu ikaja, "Kaka umeniibia, gunia gani hizi bapa?" Yeye gunia analolijua ni lumbesa, lile lililoshonewa nyongeza juu limevimba kama lina mimba, na bei aliyonipa alipiga hesabu ya hilo. Sikumdanganya na yeye hakunidanganya. Tulitumia neno moja kwa mizigo miwili, na hasara tukagawana kwa mdomo mkali, mpaka leo salamu zake zina baridi.

Gunia ni chombo, sio uzito. Debe ni ujazo, sado ni kopo lililokuwa la rangi, na kila muuzaji pale sokoni anajua kuijaza ya kununulia na ya kuuzia. Kilo ndo peke yake haina ujanja, na hata yenyewe iliwasumbua wenyewe. Toka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande cha madini kilichofungiwa huko Ufaransa karibu na Paris, kilo ni uzito wa kile kipande, basi. Wakaja kugundua nakala zake zinapishana nacho kwa vipimo vidogo vidogo, na ukitaka kujua nani amebadilika huwezi, maana chenyewe ndo kipimo. Mwaka 2019 wakaachana nacho, kilo sasa imefungwa kwenye namba ya fizikia isiyobadilika, isiyoshikika na isiyopata kutu.

Wewe huhitaji fizikia. Unahitaji jaribio ambalo watu wawili wasiopendana wakilifanya watapata jibu lilelile. "Mahindi makavu" kwa mfano. Mmoja anang'ata punje, mwingine anaingiza mkono kwenye gunia anasikiliza mlio. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, kama kuna mashine andikeni hivyo. Kama hamna mashine, chukueni chupa ya glasi kavu, wekeni mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado. Kwenye makubaliano yenu andikeni: mahindi makavu ni yale ambayo chumvi haijaganda. Kwenye kamusi utachekwa, ila kwenye stoo mtaelewana.

Hatua ya 7: Mwangalie unayemwambia

Kuna mtu sentensi haimsaidii, anahitaji kuonyeshwa kwa kidole. Huwezi kumweleza mtu wa pwani barafu ya alfajiri ya Makete mwezi wa saba, mwamshe saa kumi na mbili umkanyagishe majani. Akishaona, hapo sasa sentensi ina pa kukaa. Mgeni wa Dar akifika stendi akasema "baridi!" na mtu wa Njombe amevaa shati la mikono mifupi, usiwaamulie, waulize ni baridi kulinganisha na wapi.

Na sio kila neno linahitaji maana. Insha inayoanza kwa kueleza maji ni nini wakati mada ni bei ya maji inachosha. Eleza yale tu ambayo msomaji wako anaweza kuyachukua tofauti na wewe.

Tulivyomalizia la mzazi

Yule mama tulimpa, kwa kupiga kura, alafu wakaniagiza nikaandike upya. Nikaenda na hatua zangu. Maana ni ya nani? Ya kikundi, kwa ajili ya rambirambi tu, hatubadilishi ukoo wa mtu. Mifano ya mpakani tukaitaja kwa sauti: mama mkubwa, baba mdogo, bibi aliyelea, baba wa kambo, baba mkwe. Nikaleta sentensi: mzazi ni mtu aliyemzaa mwanachama, au aliyemlea kwa miaka isiyopungua mitano kabla hajafikisha miaka 18.

Nikajiona nimemaliza. Dada mmoja wa saluni akanyoosha mkono, "Katibu, mimi nimekaa bweni miaka sita, matroni ndo alikuwa ananifulisha na kunipeleka hospitali, naye akifa mnanipa?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Huyo ndo kuku wangu wa kunyonyolewa, kaletwa mbele za watu.

Ningeongeza "asiyelipwa mshahara", alafu kesho angekuja mwingine na lingine. Tukaamua kuweka jaribio: kila mwanachama ataandika kwenye daftari majina ya wazazi wake kwa maana ile, yasiyozidi manne, mbele ya wenzake, siku moja, na baada ya hapo daftari ndo linaongea. Wakwe tukawawekea kifungu chao na hela yao ndogo.

Daftari likapita mkono kwa mkono, wengi majina mawili, yule mama wa ndizi kaandika matatu ingawa watu hao wote wameshatangulia, hakuna aliyemzuia. Yule mzee aliyesimama siku ya kwanza yeye aliandika mawili akarudisha. Limeshafika kwa mtu wa tatu akaliita tena, akaomba kalamu, akaongeza jina la kaka yake.